Kurasa Zenye Pini

Mwenye siri kwenye daftari na asikie haya mapema, maana mwenzake aliyasikia akiwa amechelewa.

Duka la fotokopi lilijaa hadi mlangoni, mashine zikinguruma. Fundi cherehani mmoja akajipenyeza mbele, amevaa gauni la njano alilolishona mwenyewe, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Dada, foleni ina mkia wake kule," akasema kijana wa mashine, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa vidole vyake vyeusi.

"Mkia nimeuona, mrefu mno. Nina kurasa nane tu."

"Hata mwenye moja amepanga."

Akarudi nyuma amenuna. Zamu yake ilipofika, Wino akasoma ukurasa wa kwanza bila kuombwa, akacheka hadi akaegemea mashine. Kilikuwa kisa cha mteja anayeleta suruali ileile kila mwezi itanuliwe kiuno, na kila mwezi anasingizia sabuni.

"Umeandika wewe?"

"Najiandikia tu, kama mtu anavyoimba akiosha vyombo. Wengine wana blogu zao, mimi napenda karatasi."

"Basi tuzikunje, tuzibane kwa stapla, kiwe kijitabu."

Ndivyo yalivyoanza. Kila Jumamosi mchana walikaa nyuma ya duka wakikunja vijitabu thelathini, wakavigawa bure mtaani. Humohumo wakapendana, na simu hazikukauka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umeandika?" Wino akauliza.

"Mistari miwili, mibovu."

"Mibovu ndiyo mitamu. Kwani kuna mwalimu hapa?"

Sasa sikilizeni kosa. Wiki moja fundi alibanwa na gauni la bibi harusi, akamwachia Wino daftari zima. "Nimeshaweka pini, utaona mwenyewe," akasema, akakimbia. Kwa fundi cherehani, penye pini ndipo pa kukata na kuacha nje. Kwa mtu wa fotokopi, ukurasa wenye alama ndio wa kutoa nakala. Wino, foleni ikimpigia kelele, akazilisha mashine kurasa za pini bila kusoma hata neno. Akabana, akagawa.

Asubuhi yule mteja wa suruali akaingia kwa fundi na kijitabu mkononi, akasoma kwa sauti ya kutangaza: "'Namtaka huyu Wino awe mume wangu, ila nikimwambia atakimbia, mama yangu mkali.' Fundi! Hongera!"

Fundi akampokonya kijitabu. Akampigia Wino simu.

"Umenianika mtaa mzima!"

"Nimekuanikaje, mpenzi? Nilifuata pini..."

"Usiniite mpenzi. Na siandiki tena!" Akakata.

Siku tisa hakuandika hata orodha ya vitambaa. Mama yake, aliyemwonya miaka yote kwamba ya moyoni hayaandikwi, alidhani atafurahi akimwona ameacha. Hakufurahi. Binti alikuwa haimbi, hatanii, anashona tu kichwa chini.

Siku ya kumi muuza mboga akaja mbio. "Fundi, soma haya!"

Kilikuwa kijitabu, mwandiko wa Wino, mbaya kama kuku amepita na tope. Alikuwa amegawa nakala thelathini mlango kwa mlango. Kilisema: "Mimi Wino naogopa mende, giza, na mama yake fundi. Kurasa zile sikuzisoma kabla. Nilizisoma baadaye, mara kumi na moja. Nataka kumwoa, na sikimbii. Akinikataa, mtaa wote mjue aliyekataliwa ni mimi."

Fundi akatoka mlangoni. Wino alikuwa kasimama barabarani, shati jeupe limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Umejianika kweli wewe!"

"Ili tuwe sawa. Tangu asubuhi wananizomea."

"Na mende unawaogopa kweli?"

"Sana."

Kicheko kikamtoka bila ruhusa yake. "Ungeniuliza pini ni za nini."

"Na wewe ungeniambia kwa mdomo."

Kila mmoja alikuwa na haki yake.

"Haya, niulize sasa," akasema fundi.

"Utanikubali?"

"Jibu ulishalisambaza mwenyewe siku ile ya pini, nakala thelathini. Amebaki mama."

Pazia la mlangoni likasogea. Mama alikuwa nyuma yake muda wote, miwani puani, kijitabu mkononi.

"Nimekisoma chote," akasema. "Hapa umeandika kwamba unaniogopa."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Endelea hivyohivyo. Ingia ndani, baba, tuzungumze."