Msemaji wa Tatu

Binamu yangu si mtu wa kutia chumvi, nami nayaandika haya kama alivyonisimulia. Alifanya kazi kwa kompyuta akiwa safarini, na mwaka ule alipanga vyumba tisa katika miji tisa, peke yake, hadi akachoka mwili na roho. Mchana mmoja macho yalimuuma, akafunga mapazia, akampigia bosi wake kwa kompyuta, humo gizani.

“Bosi, nipe wiki moja tu nikamwone mama.”

“Likizo? Si wewe mtalii mwaka mzima!”

Nyuma ya binamu yangu kitanda kililia, kama mtu anayejigeuza. Hakuangalia, alidhani ni uchovu.

Baadaye programu ya kupigia, ambayo hugeuza sauti kuwa maandishi, ilimletea maandishi ya mazungumzo, kila sauti na mstari wake. Wasemaji walikuwa watatu. Wa tatu alisema: “Mpe ruhusa, bosi. Vyumba tisa nimelala naye, na mama yake bado sijamwona.”