Papa Aliyeitwa Mke Mwenza

Kila asubuhi mzamiaji na mkewe walitoka na boti yao. Mke ndiye aliyeshika usukani. Mume aliingia majini na wageni, watu waliolipa ili wamwone papa kwa macho yao.

Papa mwenyewe alikuwa jike kubwa, tena lenye mazoea. Mzamiaji aligonga mtungi wake wa hewa kwa spana, ngo ngo ngo, naye papa akaja. Alipewa kichwa cha samaki mkononi kabisa. Wageni walimpiga picha, wakampapasa mgongo, wakarudi kwao na la kusimulia.

Mke akampachika papa yule jina la Mke Mwenza.

"Mke mwenzangu kaamkaje leo?" alimuuliza mumewe alipopanda botini.

"Mzima. Anasema upunguze wivu."

Siku moja papa hakungoja spana. Alisikia injini tu, akaifuata mbio. Propela ikamchana mgongo. Maji yakawa mekundu, naye akazama.

Kesho yake mzamiaji aligonga mtungi mpaka mkono ukamuuma. Papa hakuja. Wiki zikapita, hakuja. Mzamiaji alikaa mezani akakitazama chakula mpaka kikapoa. Alimkumbuka papa yule kama anavyokumbukwa mtu wa nyumbani. Mkewe naye akaacha utani.

Jirani yao alikuwa mhifadhi wa bahari. Alikuja kuazima beseni, akaikuta nyumba kimya.

"Kuna msiba humu?" aliuliza.

"Papa alichanwa na propela, ametukimbia," mke alisema. "Shemeji yako hali, halali."

"Mlikuwa mnamlisha?"

"Kidogo tu," mzamiaji alisema. "Kichwa kimojakimoja."

"Hapo ndipo mlipomponza. Papa akizoea kulishwa, injini kwake inakuwa kengele ya chakula. Ataifuata yako, ataifuata na ya mtu mwenye ndoano. Na siku moja hatatofautisha samaki na mkono wa mgeni."

Mzamiaji aliinamisha kichwa. "Lakini nilimpenda."

"Najua, shemeji. Mpende kwa mbali."

Jirani akaketi, beseni mapajani, akawaeleza. Boti iende polepole, na injini izimwe kabla mtu hajaingia majini. Wageni wawe wachache. Papa asilishwe, asiguswe, wala asifukuzwe. Akigeuka kwenda zake, aachwe aende. Na wageni waambiwe mapema kwamba papa hana miadi na mtu.

Wakafuata. Wageni wengine walinung'unika.

"Kwa hiyo tumelipa kutazama maji?" mmoja aliuliza.

"Umelipa kutembelea kwao," mke alimjibu. "Mwenyeji akiwa hayupo, hayupo."

Taratibu papa wengine walianza kupita, kwa hiari yao. Wageni walitulia, wakatazama, wakatoka majini wakinong'ona. Waliporudi tena, waliwaleta na jamaa zao. Kazi ikanyooka. Lakini mzamiaji bado alikodoa macho kule maji yanakoingia giza, akimtafuta mmoja tu.

Akaja. Alitokea chini yao bila kuitwa, kovu jeupe mgongoni. Mgeni mmoja alinyoosha mkono, mzamiaji akaushusha taratibu. Mkono wake mwenyewe ndio uliomsumbua. Ulitaka kugonga mtungi, ulitaka kumgusa pale penye kovu. Akaikunja mikono yake kifuani, akaibana. Papa alipita moja kwa moja, akazidi kwenda, mpaka mkia ukapotea.

Mzamiaji alipopanda botini, macho yalikuwa yamemwiva. Mkewe akajua.

"Umemwona?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Alikusogelea?"

"Hapana," alisema. "Hata kunitazama hakunitazama."

Mkewe alimshika bega lililolowa.

"Basi amepona," alisema.