Mita Arobaini

Rafiki yangu ni fundi wa lifti, na hana tabia ya kutia chumvi. Haya yalimkuta mwenyewe.

Aliitwa kwenye jengo moja ambalo lifti yake ilikwama ghorofa ya kumi na mbili. Alikwenda na kaka wa mkewe. Njia nzima walibishania simu, maana kila mmoja anashabikia kampuni ya simu yake, na kila simu ina ramani ya bure inayosema. Moja ikisema kushoto, nyingine kulia.

"Shem, hiyo yako pambo tu," fundi alimchokoza.

"Na yako je? Imetuzungusha sokoni mara mbili!"

Walifika saa nane mchana. Wakashuka ngazi hadi chini kabisa, kwenye giza, na tochi moja. Fundi akachomoa fyuzi ya lifti, ambayo bila yake lifti haisogei, akaitia mfukoni. Kimya. Maji tu yakidondoka mahali fulani.

"Endelea moja kwa moja," simu ya fundi ikasema. "Mita arobaini."

Mbele yao palikuwa na mlango wa lifti tu.

"Si uizime, bwana!"

"Nilishaifunga tangu garini."

"Mita thelathini," ikasema simu ya shemeji. Siku nzima zilikuwa hazijakubaliana.

Hakuna aliyepiga hatua.

"Mita ishirini," zikasema zote mbili kwa pamoja. "Mita kumi."

"Shem," shemeji akanong'ona, "mbona sisi tumesimama?"

"Umefika," zikasema simu zote mbili.

Kengele ya lifti ikalia, mlango ukaanza kufunguka. Fundi akapapasa mfukoni.

Fyuzi ilikuwemo.