Faili la Uraia wa Baba

Kufuli lilikuwa zima, mlango wa kabati haukuguswa, na faili halimo. Mtunza kumbukumbu wa ofisi ya uraia aliapa kwamba ufunguo haukutoka mfukoni mwake. Inspekta alimwacha aape mpaka achoke.

Faili lilikuwa la seremala mzee aliyekuja nchini kama mgeni, akapewa uraia. Binti yake, sasa muuguzi, alikuwa mtoto mdogo wakati huo, akawa raia kupitia kwake. Ametakiwa athibitishe uraia huo kesho. Akishindwa atahesabiwa mgeni, na kazi ya hospitali itaota mbawa.

Wakubwa walitaka mtunza kumbukumbu atiwe ndani. Inspekta, mtu mbishi asiyependa majibu ya haraka, alilivuta kabati akalikagua mgongoni. Alama za vidole hazikuwepo, lakini ubao wa nyuma ulikuwa umefunguliwa na kurudishwa. Mwizi wa kawaida angezikaza skrubu ovyo akatokomea. Huyu alikuwa amezipanga, mikato ya vichwa vyake yote imesimama wima. Mafundi walikuwa wakikarabati ofisi wiki ile.

Alikwenda nyumbani kwa muuguzi kuchukua maelezo. Mlangoni alizitazama bawaba. Skrubu zote wima. Ilimuuma, maana yule seremala mzee alimkaribisha kwa upole.

"Kabati la ofisi ya uraia nani alilitengeneza, mzee?"

"Mimi."

"Na juzi nani alilifungua?"

Seremala alimtazama binti yake, kisha sakafu. "Ni mimi. Niliingia pamoja na mafundi."

"Kwa nini umharibie mwanao?"

"Ndani ya faili mna cheti chake cha kuzaliwa. Baba aliyeandikwa ni rafiki yangu, marehemu. Niliona heri akose uraia kuliko ajue sikumzaa."

Inspekta aliuliza kulikuwa na nini kingine. Mzee akataja amri ya mahakama ya kumuasili mtoto, aliyoipata kabla hajala kiapo cha uraia. Inspekta alishusha pumzi, akamweleza taratibu kwamba amri hiyo ndiyo iliyomfanya binti awe wake kisheria, na bila hiyo asingekuwa raia. Kesi ya wizi, hata hivyo, ilikuwa palepale.

Muuguzi alikuwa akilia waziwazi. Alipiga magoti mbele ya mzee, akamshika mikono.

"Umeliweka wapi, baba?"

Mzee akaonyesha chumba cha ndani kwa kidole. Inspekta alikwenda kulitafuta mwenyewe, na hakufanya haraka kurudi.