Mlango wa Mama Akeza

Watu wakihama hubeba sufuria, godoro na picha ya ubatizo. Melchior alibeba mlango. Aliung'oa kwenye nyumba yao ya matofali mabichi kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, akaukaza kwa kamba kwenye kabaza, baiskeli ya kukodi, na mwenye baiskeli akalalamika njia nzima kwamba yeye hupakia abiria, si milango. Msimcheke Melchior. Kambini mbao ni mali, na ukiiacha nyumba na mlango wake, kesho utaukuta kwa jirani umeshakuwa meza.

Ila mlango ule ulikuwa na habari yake. Mkewe, Carelle, alifia hapo. Wiki ile Melchior alikuwa Lilongwe anatafuta kibarua. Carelle alikuwa na homa kali, na giza lilipoingia akatoka kwenda chooni, akamwagiza binti yao Akeza afunge komeo mpaka atakaporudi, maana wezi walikuwa wengi. Akeza alifunga, akakaa kumngoja, usingizi ukamchukua. Alikuwa mtoto wa miaka minane, ameuguza mchana kutwa. Asubuhi alipofungua, mama yake aliyekuwa ameegemea kwa nje akamwangukia miguuni.

Baada ya maziko Melchior hakutaka tena kuiona nyumba ile. Uchungu ni kitu kimoja, alisema, na mbao ni kitu kingine.

Mjini Lilongwe walipata chumba mtaa wa Kawale, nyuma ya nyumba ya mwenyewe, bomba moja kwa wapangaji wote. Akeza alipenda sakafu ya saruji, kwa kuwa hakuwahi kuishi mahali ambapo ukifagia vumbi linakwisha. Mlango waliokuta ulikuwa umeliwa na mchwa, basi Melchior akapachika wa kwao. Jioni ile ile, wakiwa wanakula nsima, ugali wa huko, mlango ukagongwa. Uligongwa kwa kucha, taratibu, na mlio ulitoka upande wa ndani, upande waliokuwa wameketi wao.

"Ni panya," Melchior alisema, akaendelea kula.

Akeza aliweka tonge chini. Kugonga kule alikujua. Mama yake hakuwahi kugonga kwa ngumi hata kwake mwenyewe, alikuwa akikwaruza tu, kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

Siku chache baadaye, mchana mweupe, baba yake akiwa soko la Tsoka anabeba mizigo, kucha zikakwaruza tena. Ikaja harufu ya majani ya mkaratusi, yale yaliyochemshwa kumfukiza mama yake siku zake za mwisho. Kisha sauti, chini sana: "Akeza, nifungulie." Alifungua. Uani hapakuwa na mtu, jua lilikuwa linawaka, lakini baridi iliingia ikampita, ikakaa karibu naye kwenye mkeka. Akeza hakuogopa, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alifurahi. Tangu siku hiyo akawa anafungua kila akiitwa, na kila alipofungua alipungua kidogo, mashavu yakamwisha na vidole vikawa vya baridi hata karibu na mkaa. Mwenye nyumba alipomkuta akizungumza na ubao, alitamka neno moja la Kichewa, "ziwanda," yaani mashetani, akawataka waondoke.

Wakahamia Chilinde, kwa Zénon, Mrundi mwenzao aliyekuwa na duka. Akawapa stoo walale katikati ya magunia ya sukari na makatoni ya sabuni. Stoo ilikuwa na mlango wa chuma, kwa hiyo Melchior akaulaza ule wa mbao juu ya kreti za soda, akatandika blanketi, na kwa mara ya kwanza maishani Akeza akawa na kitanda. Alijivunia sana. Ilikuwa nyumba yenye harufu nzuri kuliko zote.

Jioni ya pili kucha zikakwaruza kutoka chini yake.

"Papa," alinong'ona, "mama iko chini yangu. Anasema kuko baridi."

"Lala, mwanangu."

Lakini safari hii Melchior naye alisikia mkwaruzo, na akavuta pumzi akanusa mkaratusi mahali ambapo hapakuwa na kitu ila sabuni, na alipopeleka mkono wake taratibu chini ya ubao, katikati ya kreti, akitumaini kwa moyo wote kugusa manyoya ya panya, mkono ulipita kwenye hewa baridi iliyokuwa ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, kama pumzi ya mgonjwa. Hakusema panya tena. Alfajiri alimkuta binti yake amejilaza sakafuni chini ya mlango, midomo imebadilika rangi, anakohoa, na anatabasamu.

Angeutupa siku ile. Lakini serikali ilikuwa imetoa amri wakimbizi wote warudi kambini, Zénon anafunga duka huku analia, na Melchior alijua fika kwamba nyumba inayowangoja haina mlango. Maskini hana anasa ya kuogopa mbao. Wakarudi kwa matola, wamekaa juu ya pikapu hiyo ya kulipia pamoja na mizigo ya watu, Akeza ameuegemea mlango wake.

Kuta zilikuwa zimesimama bado. Melchior akaupachika mahali pake pa zamani, kisha akaenda kumwita Mama Xaverine, Mnyarwanda aliyepitia Kongo, anayesifika kambini kwa maombi. Mama huyo aliweka kiganja kwenye ubao, akakitoa upesi.

"Papa Akeza, mulango wenye maiti alipitia hautembezwake. We ulimutembeza huyu, nyumba kwa nyumba."

"Ni bibi yangu, Carelle?"

"Mi sijue. Bafu, benye balikufa, banalala. Kuko bintu binavalaka sauti ya muntu." Akapunguza sauti. "Mutoto akifungula tena, kitamubeba."

"Basi niuchome."

"Ukiuchoma kitabakia naye. Mwenye anafungulaka njo mwenye atakatala kufungula. Ni ye mwenyewe."

Akeza alikuwa anasikiliza. "Mama Xaverine," alisema, "mi nilishamufungia siku moja."

Melchior aligeuka ukutani.

Giza lilipoanza kuingia kucha zilikwaruza, na sasa zilitoka nje, chini kabisa mlangoni, pale mtu aliyeanguka anapofikia, na harufu ya mkaratusi ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na Mama Xaverine akaomba kwa Kinyarwanda bila kupumua, na Melchior akamkumbatia mtoto, na kila maombi yalipopanda kucha nazo zilipanda, zikikwaruza ubao kwa haraka, kwa haraka zaidi, kama mtu anayeishiwa muda.

"Akeza, fungula. Ni mi."

"Mama," mtoto alisema, machozi yakimwingia mdomoni, "sitafungula. Nilikuwa nalala ile siku. Sikukusikia. Leo nakusikia, na sitafungula. Wende zako, mama."

Mama Xaverine aliacha kuomba. Harufu ikaanza kupungua. Kisha kutoka nje ikaja sauti iliyochoka, isiyo na hasira yoyote.

"Ndio vile, mwanangu. Ufunge muzuri, baridi isikuingilie."

Sauti ile Melchior hakuwa ameisikia tangu alipoaga kwenda mjini. Aliisikia sasa, kila neno, na mkono wake ukanyanyuka wenyewe kwenda kwenye komeo.

Akeza ndiye aliyeuwahi. Aliushika kwa mikono yake miwili, akauning'inia kwa uzito wake wote mdogo. "Papa, hapana," alisema. "Papa, hapana." Wakabaki hivyo, baba na mwana, wakisikiliza hatua za mtu mgonjwa zikiburura mchanga, taratibu, kuelekea makaburini.