Chumba Kilichosema Kuna Mtu

Taa ikawaka nyekundu tena: KUNA MTU NDANI.

"Hamna mtu humo, we taa mshenzi!" Penina akapiga meza.

Siku ya tisa hiyo. Pale Oldeani, kwenye shamba la zamani la kahawa, walikuwa wanafunga mtambo wa mwale wa eksirei, mkali kinoma, wa kuchungulia ndani ya vyuma na mawe. Mwale unapita kwenye chumba chenye kuta nene za madini ya risasi. Ukikuta mtu humo, umemmaliza. Ndo maana kabla ya kuwasha, Penina anaingia, anakagua kila kona, anatoka, anafunga. Vihisi vya humo vikihisi mtu, taa inabaki nyekundu, mwale hautoki. Na wenye mradi walishasema: Ijumaa saa sita mchana mwale usipofika mwisho wa nguvu zake, mtambo unang'olewa, unapelekwa nchi nyingine. Miaka minne ya kazi ya Penina nayo imeenda.

Leo ndo Ijumaa.

Akaingia tena. Patupu. Ila harufu ya tope, na sakafuni unyayo mbichi, mdogo kama kidole gumba.

"Kaka Clemensi, bomba linavuja?"

Clemensi ndiye fundi aliyevuta maji ya kupoza mtambo kutoka chemchemi ya juu. Akainama. "Halivuji, dada. Kosa ni langu. Mke wangu alijifungua mtoto mfu. Kwetu Wairaqw, aliyefiwa hivyo anakaa pembeni, hagusi chemchemi mpaka asafishwe. Mimi nikagusa. Jini la kule limefuata bomba."

"Na umekaa kimya siku tisa!"

"Ningeanzaje, na Daktari Hilary anavyofoka?"

Bosi Hilary aliposikia akacheka kwa hasira. Akaangalia saa. Akaacha kucheka. "Ng'oa! Leteni lori la maji, lile boza, tupoze kwa hayo!"

Clemensi akapanda mpaka chemchemi, akang'oa bomba, akamwaga pombe ya asali, akaomba radhi.

Zimebaki dakika kumi, taa ikawa kijani. Penina akakagua. Harufu imekata. Akafunga, akawasha.

Mstari wa nguvu kwenye skrini ukaanza kupanda, asilimia thelathini, hamsini, na Penina akawa anacheka huku machozi yanamtoka, mpaka akasikia, nyuma ya ukuta ule usiopitisha hata mlio wa nyundo, kichanga kinalia, kinalia kama kimelazwa kwenye sakafu ya baridi na kimeshtuka kujikuta peke yake.

"Zima, dada," Clemensi akanong'ona. "Zima, nakuomba."

"Usiguse!" Hilary akadaka, macho kwenye taa. "Taa ni kijani. Humo hamna mtu."

Kidole cha Penina kilikuwa juu ya swichi ya kuzima. Sabini. Tisini. Kikabaki palepale.

Mwale ukafika mwisho, safi kabisa. Kilio kikakatika.

Hilary akapiga makofi, peke yake.

"Siku ile mke wangu alipojifungua," Clemensi akasema taratibu, "tulimsubiri asubuhi nzima alie. Hakulia."