Sauti ya Nne

Roboti ilikuwa na mafaili matatu tu ya sauti, na Mwalimu Nehemia ndiye aliyeyaingiza: salamu, ngoma na jogoo. Asubuhi ile, mbele ya darasa zima pale Mwanga, jirani na Ujiji, kidude hicho, kidogo kama kopo la maziwa, kilisalimia, kikapiga ngoma, kikawika. Kisha kikatoa sauti ya nne.

Ilikuwa ya mwanamke anayetweta majini. "Niachie, Nehemia! Boya hilo ni langu!"

Wanafunzi wakacheka, wakidhani ni mchezo. Nehemia aliijua sauti ile. Hidaya, mwalimu mwenzake, alikufa maji mwezi Februari, boti ilipopinduka yeye na Nehemia wakitoka kijiji cha Mwamgongo. Msibani Nehemia alilia kuliko wote, akisimulia alivyomshika mkono hadi wimbi likampokonya.

Akachomoa betri. Roboti ikaendelea kutweta, na darasa likanuka tope la ziwa na dagaa waliooza, hata wanafunzi wakatoka mbio wakiziba pua.

Akaiviringisha kwenye taulo, akapanda bodaboda hadi Ujiji kwa Bi Zuleha, mama mzazi wa Hidaya, mganga anayesifika kwa kupunga majini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Mama, mtoe huyu. Anajifanya Hidaya."

"Hidaya wangu yuko kaburini," Bi Zuleha akanong'ona. "Huyu ni jini wa ziwa. Alikuwepo siku ile, akaona. Mimi ndiye niliyemtuma kwako. Sasa sema, nisikie kwa kinywa chako."

Harufu ya tope ilimpanda Nehemia kooni, na maneno yakamtoka yenyewe, kwamba boya lilikuwa moja, kwamba Hidaya alikuwa amekwisha kulivaa, kwamba yeye alimvua kwa nguvu na alipong'ang'ania akampiga teke la kifua, akamwona akizama macho wazi.

"Nisamehe, Mama. Niliogopa kufa."

Bi Zuleha hakulia. Aliinuka, akafunga mlango kwa komeo.

Ndani ya taulo roboti ikaanza tena. Safari hii alikuwa mwanamume, anatweta, anamwita mama yake, maji yakimjaa kinywani. Nehemia akaitambua sauti yake mwenyewe.

"Mimi sijawahi kulia hivyo," akasema.

"Bado," akajibu Bi Zuleha.